Gari Lisilo na Ndugu

Tulikuwa na viti mia mbili vya plastiki,
maturubai matatu, na trela
aliyoichomelea shemeji Balagizi kwa vyuma vya vitanda vya hospitali.
Watoto watano. Na mama mkwe,
ambaye goti lake la kushoto limekwisha kukataa ngazi.
Tulichokosa ni cha kuvuta.

Bukavu ni kupanda na kushuka tu.
Utoke Kadutu kwenye harusi, uende Muhungu kwenye matanga,
siku hiyo hiyo: viti ni vilevile,
mlima ndio unaobadilika.
Wabebaji wanakula faida, na kila safari
kiti kimoja kinarudi na miguu mitatu.

Ushauri haukukosekana.
Nunueni Noah, alisema jirani, mji mzima una Noah,
skrubu yake utaiokota hata kwenye mchele.
Tukaiazima, tukaifunga trela tupu pale Nyawera.
Ikapanda nusu, ikatafakari,
ikarudi kinyumenyume kama mgeni aliyekosea mlango.
Prado? Bei yake ilitutazama kutoka juu,
hatukusalimiana.
Pikapu ingevuta, lakini mama mkwe
hapakiwi nyuma pamoja na maturubai.

Ndipo Cirhuza wangu akaiona
nyuma ya ghala la saruji, karibu na bandari:
Delica ya dizeli, miguu mirefu, uso bapa,
rangi ya chai iliyosahauliwa mezani.
Viti vya safu ya pili vinageuka kutazama nyuma,
vya tatu vinakunjwa ukutani kama masikio.
Kando ya gia, kijiti kingine kifupi:
cha milima, alisema muuzaji, kwa sauti ya chini.
Na nyuma kabisa, ndoano ya kuvutia,
rangi yake bado nzima. Hakuna aliyewahi kuiomba kitu.

Fundi Cishugi alilala chini yake asubuhi yote.
Tuliona viatu tu.
Alipotoka alijipangusa, akasema:
“Moyo mzima. Mifupa mizima.
Ila gari hili halina ndugu hapa mjini.
Siku likiugua, damu litaomba kwa nani?”

Usiku huo Cirhuza alihesabu kwa sauti,
mimi nikahesabu kimya.
Gari la wengi, nikamwambia, wezi wake nao ni wengi.
La peke yake, hata mwizi hajui alipeleke wapi.
Akacheka. Hakuiandika kwenye karatasi yake.

Siku ya tatu Cishugi akapiga simu.
Amemkumbuka mwalimu mmoja wa Uvira,
mwenye Delica kama hiyo, ilikunywa maji ya mafuriko,
mwaka wa nne sasa kuku wanatagia kwenye dashibodi.
Anataka bei ya mbuzi wawili.

Tukalipa zote mbili wiki moja,
hai na maiti.

Kwa hiyo mzigo wa kwanza haukuwa viti.
Tuliifunga pacha yake kwa chuma kigumu,
Cishugi akashika usukani wa ile isiyonguruma.
Kamanyola tulikula wali na ndagala, tukanyamaza.
Ngomo tuliipanda kwa kile kijiti kifupi,
mwendo wa mtu aliyebeba ndoo kichwani,
bonde likiwa upande wangu. Sikulitazama.
Kwenye kila kizuizi waliuliza: mnampeleka wapi mfu huyu?
Mama mkwe, aliyekataa kubaki nyumbani,
akawajibu kupitia dirisha:
“Kwa dada yake. Mlitaka azikwe na nani?”

Sasa yupo uani, juu ya matofali.
Amekwisha kutoa starta, kioo cha pembeni, rejeta.
Jana ametoa mlango.
Nabintu, kitinda mimba wetu, anafanyia humo hesabu za shule
na hataki mtu agonge bila kubisha hodi.

Jumamosi kuna harusi Bagira.
Wanataka viti mia mbili.
Tunavyo mia moja themanini na tatu
vyenye miguu minne.